Barakoa ya mpira yenye vichujio viwili: tathmini baada ya miezi minne

Nimeivaa barakoa hii kwa miezi minne katika karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, na inaishinda kwa mbali ile ya kitambaa tuliyokuwa tukipewa, ambayo ilipofika saa nne asubuhi ilikuwa imeshalowa jasho na kugeuka kijivu. Vichujio vyake huzuia vumbi na moshi wa risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, na mpira wake hukaa vyema usoni, ingawa mwenye ndevu asijidanganye, kwani hewa chafu hupenya pembeni. Ukanda wa nyuma hulegea upesi.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, si wa mtengenezaji: vumbi hung'ang'ania ovaroli na viatu hadi nyumbani kwa watoto, ambao miili yao hufyonza risasi kwa wingi kuliko yetu na ambao ubongo wao hudhurika zaidi. Jirani wa kiwanda naye havishwi barakoa. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, hawakuumia wafanyakazi peke yao.

Nitainunua tena, pamoja na ovaroli ya pili ya kuacha kazini.