Penfolds Bin 389: ya kizibo, ya kusokota, na ile ya kuiacha rafuni

Watu wengi wanaamini kwamba mvinyo mwekundu wa bei kubwa ukiuzwa nje ya nchi yake huwa umechanganywa upya kwa ajili ya wageni, na wenyeji wanabaki na ule mzuri. Nimeonja Penfolds Bin 389, mvinyo mwekundu wa kampuni ya Penfolds ya Australia, ya mavuno ya 2018 iliyonunuliwa Australia kwenyewe, iliyonunuliwa Hong Kong na iliyotoka kwenye rafu za Afrika Mashariki, na sikukuta mvinyo wa aina mbili. Nilichokuta ni mvinyo mmoja uliosafiri vizuri, na mvinyo huo huo uliosafiri vibaya. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mwaka mzuri wa mavuno na mwaka wa kawaida. Kwa hiyo nitaeleza zaidi namna ya kuichagua chupa, maana kilichomo ndani, kikifika salama, ninakiheshimu sana.

Bin 389 ni mchanganyiko wa zabibu za Cabernet Sauvignon na Shiraz, karibu nusu kwa nusu, kutoka maeneo kadhaa ya Australia Kusini kama Barossa na McLaren Vale. Aliyeuanzisha mwaka 1960 ni Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa Penfolds, yule yule aliyeanzisha Grange, mvinyo wao maarufu na ghali, mwaka 1951. Huiva takriban mwaka mmoja katika mapipa ya lita 300 ya mwaloni wa Marekani, na baadhi ya mapipa hayo ndiyo yaliyotoka kuhifadhi Grange. Ndiyo sababu wapenzi wake wanauita Grange Mdogo. Ukiunusa, mwaloni wa Marekani unajitambulisha wenyewe kwa nazi na vanila, kisha karafuu, na chini yake zambarau zilizoiva na chokoleti chungu. Cabernet ndiyo inayoleta ukakasi na msimamo, Shiraz inajaza kinywa. Kileo chake kwa kawaida ni kama asilimia 14.5, na hilo linahusika na mambo ya joto nitakayoyaeleza.

Tofauti halisi kati ya masoko ni kifungio. Australia wanapenda kifuniko cha chuma cha kusokota, na chupa nyingi za Bin 389 huko zimefungwa hivyo. Wanunuzi wa China na Marekani wanataka kizibo cha gome, kwa sababu kwao kusikia kizibo kikitoka ni sehemu ya heshima ya chupa. Grange yenyewe ni ya kizibo. Basi ukiona Bin 389 ya kusokota usidhani ni ya daraja la chini, na ukiona ya kizibo usidhani ni ya bandia.

Kwa mnywaji, vifungio hivi viwili vina kasoro tofauti. Ya kusokota huweza kutoa harufu ya kiberiti kilichowashwa au mpira dakika za mwanzo, kwa sababu hewa iliyoingia wakati wa kuhifadhiwa ni kidogo mno. Mimina kwenye jagi la kioo, tikisa kidogo, subiri dakika 20, na harufu hiyo huondoka. Ya kizibo huweza kuwa na ugonjwa usiotibika: kemikali iitwayo TCA, inayotokana na ukungu kwenye gome, ikiwemo hata nanogramu chache tu kwa lita, mvinyo hunuka kadibodi iliyolowa na ladha ya matunda hufa. Hiyo haiondoki kwa kusubiri. Badala yake, huzidi kadiri glasi inavyopata hewa. Hiyo si bandia, wala si kosa la duka. Rudisha kizibo, rudisha chupa ikiwa bado imejaa, na duka la maana litakubadilishia.

Kwa chupa nitakayoinywa ndani ya miaka kumi katika nchi ya joto, nachagua ya kusokota bila kusita. Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Mvinyo wa mililita 750 ukipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 za Selsiasi, hutanuka kwa mililita tano hivi. Nafasi iliyopo chini ya kizibo ni kama milimita 15 za shingo nyembamba, yaani takriban mililita nne. Kitu lazima kisogee, na kinachosogea ni kizibo. Usiku mvinyo unapopoa na kusinyaa, hewa huvutwa ndani. Mchana na usiku vikirudiana wiki tatu ndani ya kontena la kawaida lililopangwa juu ya sitaha, ambamo joto huweza kupita nyuzi 50, mvinyo unakuwa umepikwa kabla haujafika bandarini. Chupa ya kusokota ina nafasi zaidi juu, na kifuniko hakitelezi. Joto bado huharibu ladha, lakini hewa haiingii kirahisi.

Mvinyo uliopikwa una dalili zinazokubaliana. Rangi ukingoni mwa glasi inaelekea kahawia ilhali mavuno ni ya juzi. Harufu ya zambarau mbichi inageuka jamu iliyokaa sana jikoni, au zabibu kavu. Kileo kinajitokeza puani na kuchoma kooni. Watu wengi wakionja chupa kama hiyo wanasema ni feki. Kwa kadiri nilivyokutana nazo, chupa zilizopikwa ni nyingi kuliko zilizochakachuliwa, na aliyezipika mara nyingi ni mtu mwaminifu aliyeziacha stoo chini ya paa la bati.

Dukani, kabla ya kulipa, fanya hivi. Inua chupa kwenye mwanga utazame kiwango: chupa changa ya kizibo inatakiwa ijae hadi ndani ya shingo, na ikiwa imeshuka kwenye bega iache. Pitisha kidole gumba juu ya foili, ile karatasi inayofunika kizibo. Ukihisi uvimbe katikati, kizibo kimesukumwa. Jaribu kuizungusha foili yenyewe. Ikizunguka ni dalili njema, ila ikiwa imeganda upande mmoja, au kuna michirizi ya kunata chini yake, mvinyo umewahi kuvuja. Kwa chupa ya kusokota, tazama ukingo wa juu wa kifuniko. Kikibonyea pale kwa kugongwa, kile kitambaa cha ndani kinachoziba kimeachia. Halafu ulizia umri wake pale rafuni. Chupa iliyosimama dirishani chini ya taa kwa miezi minane siinunui hata kwa nusu bei; naomba inayotoka ndani ya katoni. Kwa anayeagiza kwa jumla, swali ni moja: kontena lilikuwa la friji, na liliwekwa nyuzi ngapi? Nyuzi 12 hadi 15 ndilo jibu unalotaka kulisikia, na liwe limeandikwa kwenye hati za usafirishaji.

Sasa majina. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea kihalali kabisa. Maandishi yale mekundu ya Penfolds yapo kwenye mvinyo wa kila bei. Koonunga Hill, uliopo tangu mavuno ya 1976, ni mzuri kwa chakula cha kila siku na bei yake ni sehemu ndogo tu ya Bin 389. Bin 8 nao ni wa zabibu zile zile mbili, lakini ni mvinyo mwingine, wa bei ya chini kwa mbali, na unapatikana sana kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Muuzaji akikwambia "ni Penfolds ya Cabernet na Shiraz, ni ile ile," jua si ile ile. Soma namba. Kama haikuandikwa BIN 389 mbele, siyo. Kampuni pia inatengeneza mvinyo wa California, wa Ufaransa na wa China kwa jina hilo hilo. Hizo si bandia, ila 389 ni ya Australia Kusini na lebo husema hivyo.

Bandia halisi zilistawi zaidi China, na hilo ndilo soko lililoifunza kampuni kujilinda. Kulikuwa na chupa zilizoandikwa Benfolds, zenye rangi na mpangilio ule ule. Hata jina la Kichina la mvinyo huu, Ben Fu, lilikuwa limesajiliwa na mtu mwingine, na kampuni mama, Treasury Wine Estates, ililipata mahakamani mwaka 2017. Kisha Machi 2021 China iliweka ushuru wa kati ya asilimia 116.2 na 218.4 kwa mvinyo wa chupa wa Australia, ukaja kuondolewa Machi 2024. Miaka hiyo mitatu mizigo iliyozoea kwenda China ilitafuta milango mingine. Ndiyo maana ukikutana na Bin 389 yenye lebo ya nyuma ya Kichina mbali na China, usiihukumu haraka: huenda ni halali kabisa. Lakini imezunguka mikono mingi, na hakuna anayejua ililala wapi. Mimi naipendelea yenye jina la mwagizaji wa nchi ninayoinunulia, kwa sababu huyo ndiye nitakayemrudia.

Uchakachuaji wa kawaida zaidi hauhitaji kiwanda cha lebo. Unahitaji chupa tupu ya kweli. Kwenye kifuniko cha kusokota, tazama vidaraja vidogo vya chuma vinavyounganisha kifuniko na ile sketi iliyobaki shingoni. Viwe vizima vyote, na sketi iwe imebana kwenye kioo bila kuzunguka. Ikizunguka, au ukiona alama ya gundi, weka chini. Kwa ya kizibo, ukishaifungua linganisha: kizibo chenye mwaka usiolingana na lebo kimetoka chupa nyingine, na kizibo cha mvinyo wa miaka sita kisichokuwa na doa la zambarau upande wa chini hakikukaa humo miaka sita. Namba ya shehena iliyochapwa kwenye kioo au lebo nayo ni muhimu. Imekwanguliwa, usiulize kwa nini. Grange, ambayo nyumbani kwake hufikia karibu dola 1,000 za Australia, chupa zake huchongwa namba kwa leza, na kwa 389 usitegemee hilo.

Stempu ya kodi inawapotosha wengi. Kenya unaikagua kwa programu ya Soma Label, Tanzania kwa Hakiki Stempu, Uganda kwa Kakasa, na ninashauri uikague kila mara, kwa sababu stempu isiyosoma inatosha kukufukuza dukani. Ila inayosoma inathibitisha kodi tu. Chupa iliyojazwa upya inabaki na stempu yake ya kweli.

Bei nayo huongea. Bin 389 imevuka dola 100 za Australia huko huko inakotengenezwa. Ongeza meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na faida ya watu wawili. Ikiwa Mombasa au Dar es Salaam inauzwa chini ya bei ya Adelaide, huko huko Australia Kusini, hesabu hiyo haina mlango wa halali.

Ukishaipata iliyo nzima, usiiharibu mezani. "Joto la chumba" la vitabuni ni la nyumba za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Katika mji wa pwani weka chupa kwenye friji dakika 40, isimamishe ili mashapo yashuke, kisha mimina polepole kwenye jagi na uiache saa moja ikiwa haijafika miaka kumi. Mbavu za mbuzi zilizochomwa kwa chumvi tu zinakwenda nayo vizuri ajabu, kwa sababu mafuta hulainisha tanini, ule ukakasi wa mvinyo mwekundu. Pilipili iache pembeni, kwani huwasha kileo na kuficha matunda. Ikibaki, funga, rudisha friji, umalize ndani ya siku tatu.

Chupa tupu usimpe anayezikusanya ikiwa lebo iko salama. Loweka, kwangua lebo zote mbili, na kifuniko kikanyage kibonyee kabla ya kukitupa.