Kamera Ndogo Zinazovuta Mbali: Ipi Ununue kwa Picha za Familia na Safari

Kwenye boksi utakuta imeandikwa 30x au 40x kwa herufi kubwa. Usinunue kwa namba hiyo. Inaeleza tu uwiano kati ya mwanzo na mwisho wa lenzi: inayoanzia milimita 24 (kadiri milimita zinavyopanda, ndivyo kitu cha mbali kinavyoonekana karibu) ikivuta mara 30 inafika 720, ikivuta mara 15 inafika 360. Haisemi lolote kuhusu picha ya mtoto anayecheza sebuleni jioni, taa ikiwa moja tu.

Picha hiyo inaamuliwa na sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za aina hii zina sensa ya 1/2.3, yaani takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Chache zina ile inayoitwa ya inchi 1, ambayo ni milimita 13.2 kwa 8.8. (Jina limebaki la zamani tu, ukiipima kwa rula hupati inchi.) Eneo lake ni karibu mara nne ya ile ndogo, na ndiyo sababu picha za ndani hazijai chenga upesi.

Kisha tazama namba ya f, yaani upana wa tundu la lenzi, pale inapovuta hadi mwisho; ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi. f/6.4 inapitisha nusu tu ya mwanga wa f/4.5. Giza likiingia, kamera hufidia kwa kupandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) au kupunguza kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia): ukikwepa chenga unapata ukungu.

Kwa vigezo hivyo, mpangilio wetu ni huu.

1. Panasonic Lumix TZ200 (Marekani huuzwa kama ZS200). Ilitoka 2018 na bado tunaiweka juu, kwa sababu ni nadra kupata sensa ya inchi 1 na milimita 360 ndani ya kamera ya mfukoni. Inatosha kumpata mtoto jukwaani ukiwa viti vya nyuma. Ina kidirisha cha kuchungulia na inatoa faili ghafi (RAW), ambazo unaweza kuzirekebisha baadaye. Udhaifu wake ni f/6.4 mwishoni, pamoja na vumbi. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa kama pampu, na chembe ikitua juu ya sensa huwezi kuifikia bila fundi kuifungua kamera. Doa hilo huonekana wazi angani. Ibebe ndani ya kipochi kinachofungwa, si mfukoni mwa suruali kwenye nyuzinyuzi, na ipige brashi laini kwenye mikunjo ya lenzi kabla ya kuizima.

2. Sony RX100 VII. Lenzi yake ni bora kuliko zote hapa, f/2.8 hadi f/4.5, na fokasi inang'ang'ania jicho la mtoto hata akikimbia. Lakini inaishia milimita 200, betri yake ndogo hutoa takriban picha 260 kwa kipimo cha kawaida, na ndiyo ghali kuliko zote nne. Kama watoto wako hawatulii na huna haja na ndege wa mbali, ihesabu kuwa ya kwanza.

3. Panasonic TZ99. Ya 2025, milimita 24 hadi 720, gramu 322, inachajiwa kwa USB-C. Mchana kweupe inapendeza. Ndani ya nyumba sensa ndogo inajionyesha. Haina kidirisha, na hilo ni pungufu kubwa: ukiinyoosha mikono mbele ya uso kwa milimita 720, kila pumzi inaitikisa picha, na jua likipiga skrini huoni unachopiga.

4. Canon PowerShot SX740 HS. Inafika milimita 960, mbali kuliko wenzake wote hapa. Haina kidirisha, skrini si ya kugusa, na inatoa JPEG pekee, kwa hiyo picha iliyoungua kwa mwanga huna pa kuiokolea. Inamfaa anayepiga nje, mchana, vitu vilivyosimama.

Nikon P1100 inafika milimita 3000, lakini ina uzito wa takriban kilo 1.4. Hiyo ni kamera utakayoiacha chumbani siku ya tatu ya safari.

Yoyote utakayochukua, zima kuvuta kwa dijitali siku ya kwanza. Huko ni kukata katikati ya picha na kuitanua, kazi unayoweza kuifanya baadaye kwa utulivu. Jua pia mpaka wa kidhibiti mtikisiko: kinatuliza mikono yako, hakimtulizi mtoto. Akikimbia, weka shata 1/500 ya sekunde au kasi zaidi.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kuiona inawaka. Weka hali ya A (Av kwenye Canon), ambapo wewe ndiye unachagua namba ya f, chagua f/8, vuta hadi mwisho, piga anga tupu au ukuta mweupe mara mbili ukiwa umeisogeza kamera. Doa la kijivu linalobaki palepale katika picha zote mbili ni vumbi lililo ndani. Kisha vuta na kurudisha lenzi mara kumi huku ukisikiliza: mkwaruzo ni mchanga kwenye gia, na ndio hatimaye huigandisha lenzi nje ikigoma kurudi. Fungua kifuniko cha betri utazame kutu kwenye vibati vinavyogusana na betri.

Kadi ya GB 64 yenye alama ya V30 (kipimo cha kasi ya kuandika) inatosha hata kwa video ya 4K. Iformati ndani ya kamera yenyewe. Betri ya akiba iwe ya kiwanda, maana za bei ya kutupa zikivimba hukwama ndani ya tundu lake, na kuzichomoa kwa bisibisi ni hatari: ukiitoboa inaweza kushika moto.