Kiini Nakisifu, Ganda Liko Wapi? Chakula cha Kuku Nilichouziwa Kondele

Nianze na kiini, mtu asije akasema nina chuki na duka. Hiki chakula cha kuku wa mayai wanachojichanganyia wenyewe kwenye agroveti moja hapa Kondele, Kisumu, kinatoa kiini cha rangi ya chungwa ambacho kuku wangu hawajawahi kunipa tangu nianze kufuga. Jirani aliyekuwa akichukua mayai mawili mawili alianza kuagiza trei nzima. Kwa muda nikawa napeleka watu dukani humo bila kulipwa hata senti.

Sasa ganda. Asubuhi moja naingiza mkono kwenye kiota, nakutana na ute. Nikalaumu panya. Baadaye nikaanza kuokota mayai mazima kwa macho, ukiyashika kidole kinazama. Kuku wawili wakaanza kuyadonoa na kuyala, na mfugaji yeyote atakwambia kuku akishaonja yai haachi kirahisi. Kaka anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari pale raundabauti akanirudishia karibu nusu trei. Yanapasuka sufuriani, ute unatoka, maji yanachafuka, na hakuna mteja wa yai lenye nyufa.

Nikaenda dukani na mayai mawili kwenye mfuko, kistaarabu kabisa. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. "Mathe, kuku wako wamezeeka. Chinja." Nikamwambia hata mwaka hawajamaliza wakitaga. Akauliza nawalisha nini, nikamtajia gunia lao wenyewe. Ndipo akasema, mbele ya foleni nzima: "Kwani wateja wako wanakula kiini ama wanakula ganda?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika meza.

Hilo swali nalijibu mpaka leo nikiwa kitandani. Ganda, kijana, ndilo linalonifikishia kiini kwa mteja. Bila ganda boda ananibebea supu. Na aliponiona nimesimama tu siondoki, akachukua kichupa cha vitamini kwenye rafu akaniwekea mbele. Kichupa! Nikauliza chokaa, ile inayompa kuku kalsiamu ya kujenga ganda, wanatia kiasi gani kwenye huo mchanganyiko wao. "Iko ya kutosha."

Chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kuwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Cha kuku anayekua ni kama asilimia 1 tu. Gunia lao halina kibandiko chochote, kwa hivyo siwezi kuapa waliweka ngapi. Nilichoona ni vumbi jeupe lililobaki chini ya kihori kuku wakishachagua mahindi. Na hapa ndipo ninapochemka, kwa sababu haya mambo si siri ya serikali. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku hulijenga kwa saa kama 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika usiku, akiwa amelala bila kula chochote. Chokaa ya unga laini inapita haraka. Vipande vigumu vinakaa kwenye firigisi, vinayeyuka polepole usiku kucha. Akikosa kabisa anachota kwenye mifupa yake mwenyewe, na mmoja wangu alikuwa ameanza kuchechemea. Huyo ndiye wa kuchinjwa?

Aliyenisaidia hana duka. Ni mama ninayenunua omena kwake ufuoni Dunga. Alinipimia makome ya ziwani yaliyopondwa, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, na akanikataza kuyachanganya na chakula. Weka kwenye chombo chake, mama, kila kuku ajichotee. Anayetaga atakula, asiyetaga atapita. Nayajaza jioni kabla hawajapanda kulala. Haikuchukua muda mrefu maganda yakaanza kulia ukiyagonga.

Haki iko haki, joto la Kisumu nalo lina mkono wake. Kuku akihema sana anapoteza hewa ya kaboni dioksidi ambayo mwili unaihitaji kutengeneza ganda, na ganda linakuwa jembamba hata kama amekula vizuri. Ndiyo maana maji yao nimeyahamishia kivulini na nayabadilisha mchana. Kwa hivyo labda si kosa la gunia peke yake. Labda. Lakini kijana angeniambia hivyo, si kunichekesha watu.

Nikaacha chakula chao. Kiini kikafifia! Nilikuwa nimerudi kwenye mahindi yetu meupe, na mahindi meupe hayana rangi ya kumpa kuku. Ile rangi hutoka kwenye mahindi ya njano na majani mabichi, kwa hivyo sasa sukuma wiki inaning'inizwa bandani kila siku na kiini kinarudi, ingawa hakijafika pale kwao. Wapo watengenezaji wanaotia unga wa maua ya njano au pilipili nyekundu ili kukoleza, na haudhuru mtu, lakini rangi kali haimaanishi yai lina lishe zaidi. Nikilifikiria hilo hasira inarudi upya. Duka linagharamia kile ambacho mteja anakiona kwenye kikaango, halafu kwenye chokaa, ambayo ni bei rahisi kuliko karibu kila kitu humo guniani, linabana mkono.

Nilikaa kuandika haya nikikusudia kutoa nyota tatu, kwa heshima ya kiini. Nimefika hapa nimemkumbuka yule mzee na meza yake, sitoi hata moja. Ila nikisikia yule kijana amehamishiwa stoo, gunia moja nitanunua, na makome yangu yatakaa pembeni.