Nilipeleka feni, nikarudishiwa singeli

Naandika hii kuhusu fundi wa kompyuta, hasira haijaisha, mtanivumilia. Nina steshenari Kihesa, hapa Iringa, na wateja wangu wengi ni wanachuo. Kazi hii ni spidi. Mmoja kashika flashi, mwingine anataka barua ya maombi ya kazi, wa tatu anaskani vyeti huku anakwambia gari linamsubiri Ipogolo. Ukianza kusaka vitu kwa mausi, wanahamia duka la jirani.

Ndiyo maana naipenda Xfce, desktopu ya kwenye Linux, tangu siku niliyowekewa hiyo Linux badala ya Windows kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Unaingia kwenye mipangilio, unafungua Kibodi, unakwenda sehemu ya shotikati za programu, unaandika amri, unabonyeza vifunguo unavyotaka, imeisha hiyo. Kile kifunguo chenye alama ya dirisha, ambacho wengi hawakigusi mwaka mzima, mimi ndicho kinanilisha. Nakishika na B, inafunguka barua ya maombi imeshapangwa, nabadilisha jina na anwani tu. Nakishika na M, mkataba wa pango. Na S, skana. (Wanaudhi kitu kimoja: shotikati za kufunga na kuhamisha madirisha wameziweka kwenye mipangilio mingine kabisa, ya kusimamia madirisha. Utazitafuta mpaka uchoke.)

Sasa feni ya kompyuta ikaanza kupiga kelele, nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini. Duka silitaji. Nikaichukua jioni, nikalipa, nikaondoka zangu.

Asubuhi foleni imejaa, ni kile kipindi cha kukusanya riseachi. Kijana wa kwanza kanipa flashi, nafungua kazi yake, napiga Ctrl na P niprinti. Singeli! Sauti mpaka mwisho! Nazima, napiga tena, singeli inaanza upya. Wanachuo hoi kwa kicheko, mmoja anauliza, "Mama, leo kuna shughuli?" Nahangaika na B, kimya. M, kimya. S, kimya.

Nikampigia fundi.

"Mdogo wangu, umenifanyia nini kwenye kompyuta?"

"Ilikuwa nzito dada, nikakupigia windo upya. Sasa hivi iko fresh."

Windo gani, na mimi natumia Linux? (Kumbe kwake kupiga windo ni kuweka mfumo upya, Linux ileile.) Na nani alimtuma? Mimi nilipeleka feni! Nikamuuliza shotikati zangu ziko wapi. Akacheka. Jamani, alicheka!

"Dada, hayo mambo ya kubonyezabonyeza ni ya maprograma. We tumia mausi kama wenzako."

Kama wenzangu. Mtu nimekaa kwenye kiti hiki tangu yeye anavaa kaptula za shule.

Kumbe wakati anajaribu spika aliweka Ctrl na P ipige folda lake la miziki, akasahau kuitoa. Shotikati ya desktopu inakikamata kifunguo kabla programu unayotumia haijakiona, kwa hiyo amri ya kuprinti haikuwa inafika kabisa. Xfce inakuonya ukigonganisha shotikati mbili za desktopu, lakini zile za ndani ya programu haizijui, haiwezi kukuonya. Hapo siilaumu.

Na zile zangu? Zinakaa kwenye faili moja, xfce4-keyboard-shortcuts.xml, ndani ya folda lililofichwa linaloitwa .config. Ukiwa kwenye mafaili piga Ctrl na H, litajitokeza, ingia xfce4, kisha xfconf, kisha xfce-perchannel-xml. Faili lenyewe dogo kuliko picha moja ya pasipoti! Yeye alihamisha nyaraka tu, hili akaliacha likafutika. Barua zangu zote zipo, ila milango ya kuzifikia hakuna. Nimekesha nazitengeneza upya, na sasa nakala ya faili hilo iko kwenye flashi, flashi iko kwenye pochi.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya feni.

Ingawa, haki ya Mungu, feni haisikiki kabisa. Bei yake pia ya kistaarabu, na hakunizungusha kwa njoo kesho, njoo kesho kama mafundi wengine wa mji huu. Basi nyota mbili. Tatu ningempa kama angesema tu "pole dada".

Hapana, nikikumbuka kile kicheko narudi kwenye moja.

Shida ni kwamba printa nayo imeanza kuvuta karatasi mbilimbili, na fundi mwingine anayeziweza simjui. Nitampelekea huyohuyo. Ila safari hii nakaa palepale kwenye benchi lake, naangalia mikono, na kompyuta nimeiacha dukani.