Ekstensheni za brauza: ipi uweke, ipi ulipie, ipi uikimbie

Wiki iliyopita kuna dada kaja na laptopu yake hapa steshenari, analalamika mashine imekuwa nzito, akifungua Chrome anasubiri mpaka anasahau alikuwa anatafuta nini, na kila akibonyeza mahali linaruka tangazo la kubeti. Nikaingia kwenye orodha ya ekstensheni nikahesabu. Kumi na saba aisee. Ya hali ya hewa, ya emoji, za PDF tatu, VPN mbili (zile za kupitishia intaneti yako kwa mtu mwingine ili usijulikane ulipo), na moja hata mwenyewe hajui ilifikaje. Tukafuta 15 tukabakisha mbili, laptopu ikapumua. Ndo nikaona niandike, maana watu wanapakia hivi vitu kama wanaokota pipi kaunta, na wengine wanalipa dola kabisa kwa kitu ambacho brauza yao tayari inacho.

Kwa asiyejua, ekstensheni (Chrome ukiiweka Kiswahili inaita kiendelezi) ni kiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya brauza na kuipa kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Inaingia ndani ya ukurasa uliofungua na kuubadilisha: inaondoa tangazo, inageuza rangi, inajaza fomu, inasoma unachoandika. Na hapo kwenye kusoma ndo penye bei.

Maana ukisema mwongozo wa kununua mtu anategemea bei ya shilingi, ila duka la Chrome lenyewe halikati hela ya ekstensheni tangu 2021, Google walifunga mfumo wao wa malipo, kwa hiyo kupakua ni bure na anayetaka hela anakudai ndani kwa ndani, kwa kadi, kwa mwezi au kwa mwaka. Bei kubwa ni ruhusa. Ile sehemu inakuambia itaweza kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote, watu wanabonyeza kubali bila kusoma, na tovuti zote maana yake zote, barua pepe imo, benki imo, akaunti yako ya kuombea kazi imo. Ni kama kumwachia fundi bomba ufunguo wa nyumba nzima kisa koki ya jikoni inavuja. Kuna mafundi wa kuwaachia, sikatai. Mimi nazipanga kwa swali hilo hilo, kazi anayonifanyia inalingana na ufunguo ninaompa?

Namba moja: ya kuzuia matangazo

Hii haina mpinzani, na kwa sisi wa bando ndo kabisa, maana tangazo la video linalojicheza lenyewe linakula MB zako, sio za aliyelitangaza. Ya kuweka ni uBlock Origin. Ni bure, haina toleo la kulipia, na aliyeitengeneza, Raymond Hill, hata michango hapokei. Angalia hilo neno Origin, kuna nyingine inaitwa uBlock kavu na sio ya kwake tena, watu wanachanganya kila siku.

Sasa kuna mtego. Google walibadilisha sheria za ekstensheni kwenye Chrome. Zamani kizuia matangazo kilikuwa kinasimama mlangoni na kuamua kila ombi linalotoka, sheria mpya inataka kikabidhi orodha yake mapema halafu brauza ndo iamue. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na wepesi, wengine wanakumbuka kwamba Google hao hao wanaishi kwa matangazo, utachagua wa kumwamini. Ila matokeo ni kwamba kuanzia mwezi wa 10 mwaka 2024 Chrome ikaanza kuizima uBlock Origin kwenye mashine za watu, na 2025 ndo ikaisha kabisa. Kilichobaki kwa Chrome ni uBlock Origin Lite, ya mtu yule yule, nyepesi, inafaa kwa mtu wa kawaida, ila sio ile. Ile kamili ipo Firefox, brauza nyingine ya bure. Mimi nilihama kwa sababu hiyo tu na sijarudi.

Na kwenye ile kamili kuna kitu watu wengi hawakijui, ingia kwenye mipangilio utakuta sehemu ya kuzuia picha na media zinazozidi KB unazotaka, imeandaliwa 50, ukiiwasha kurasa zinakuja maandishi karibu matupu na picha unaifungua ile unayoitaka tu. Bando la siku likiwa mwishoni hii ni dawa. Nimewahi kumalizia kujaza fomu ya mtu na MB zilizobaki ambazo hata video ya WhatsApp zisingefungua.

Adblock Plus nayo ipo, ya siku nyingi, ila tangu 2011 wana utaratibu wa kuruhusu matangazo wanayoyaita yanayokubalika, na kampuni kubwa zinalipa ili ziwemo. Unaweza kuzima hilo kwenye mipangilio. Ila kama lazima nimwambie mlinzi wangu asipokee rushwa, si bora nitafute mlinzi mwingine.

Namba mbili: ya kutunza paswedi

Hapa kazini robo ya siku yangu inaishia kwenye "nimesahau paswedi". Mtu kafungua akaunti ya mkopo wa chuo mwaka juzi, paswedi aliandikiwa na jamaa wa steshenari nyingine kwenye kikaratasi, kikaratasi kimefuliwa na suruali. Bitwarden inamaliza hili. Toleo la bure halina kikomo cha idadi ya paswedi wala vifaa, simu na laptopu vinasoma sehemu moja. Toleo la kulipia lipo na lina vya ziada, ila kwa matumizi ya mtu mmoja sijaona cha kukufanya utoe hela, anza na bure.

Faida nyingine ambayo haisemwi sana ni kwamba inajaza paswedi kwa kuangalia anwani ya tovuti, sio sura yake. Kwa hiyo ukiletewa linki ya tovuti feki iliyofanana na benki yako kama mapacha, wewe utadanganyika ila yenyewe itakaa kimya, haijazi. Ikikaa kimya mahali ambapo huwa inajaza, simama uangalie anwani vizuri.

LastPass ilikuwa ndo maarufu zamani, ila mwaka 2021 wakabana wa bure wachague kompyuta au simu, sio vyote, halafu 2022 wakaingiliwa na wezi wakaondoka na nakala za hifadhi za wateja, paswedi zilikuwa zimefungwa kwa msimbo wa siri ndio ila anwani za tovuti zilikuwa wazi. Siipendekezi. 1Password ni nzuri na ni ya kulipia tu, kama kazini kwenu wanalipa tumia.

Mambo mawili. Paswedi kuu ya Bitwarden ukiisahau hakuna wa kukurudishia, hata wao hawana, kwa hiyo iandike uiweke na cheti cha kuzaliwa. Na kama wewe ni mtu wa Chrome na Gmail tu, huendi popote, kile kitunza paswedi cha Google kilichomo humo humo kinatosha, usijiongezee mzigo.

Namba tatu: SingleFile

Hii wengi hawajaisikia na ndo naipenda kuliko zote. Unafungua ukurasa, unabonyeza mara moja, inauhifadhi wote, maandishi na picha, kwenye faili moja unalofungua baadaye bila intaneti. Bure, haina hata tangazo. Wanafunzi wanakuja hapa na flashi wanafungua makala za kusoma, wanahifadhi kumi, wanaenda kusoma nyumbani. Matangazo ya ajira pia, maana mengine yakipita tarehe yanaondolewa na ukiitwa usaili hukumbuki hata walitaka nini.

Namba nne: Dark Reader

Inageuza kila tovuti iwe nyeusi, kwa anayesoma usiku macho yanashukuru. Chrome na Firefox ni bure, kwenye Safari ya Apple unainunua. Ila kwa laptopu yenye RAM ndogo inaipunguza kasi, unaihisi kabisa, ndo maana iko chini.

Namba tano, kama unaandika Kiingereza kila siku: Grammarly

Hii ndo pekee kwenye orodha ambayo watu huniuliza kama walipie. Ya bure inakamata makosa ya kawaida na kwa CV na barua ya kazi inatosha. Ya kulipia labda kama wewe ni mtu wa ripoti za NGO na tasnifu, unaandika kurasa na kurasa. Kiswahili haikusaidii kitu. Na kumbuka inasoma unachoandika na kukipeleka kwenye mitambo yao, ndo kazi yake, kwa hiyo sio ya kufungulia nyaraka za siri za ofisi. Ukiamua kulipia yoyote ile, tumia kadi ya Visa ya mtandaoni, kama ile inayotoka kwenye M-Pesa, uweke kiasi cha malipo hayo tu, maana hizi huwa zinajirudia kukata zenyewe na wewe ushasahau.

Za kukimbia

VPN za bure. Kwanza ya kwenye brauza inapitisha brauza tu, programu nyingine kwenye mashine ziko nje kama kawaida. Pili, mtu anayebeba trafiki yako yote bila malipo anakula wapi? Mwaka 2015 iligundulika Hola, mojawapo ya VPN hizo, ilikuwa inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure kwa wateja wengine, yaani bando lako, jina lako, safari ya mtu mwingine. Na kwa Tanzania kumbuka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) walitoa tangazo mwezi wa 10 mwaka 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa, kwa hiyo lijue hilo kabla hujaweka.

Za kuponi kama Honey, zinazokutafutia punguzo ukinunua mtandaoni. PayPal waliinunua kwa takriban dola bilioni 4, na mwisho wa 2024 ikalipuliwa kwenye YouTube kwamba inabadilisha linki za waliokuelekeza dukani ili kamisheni iende kwake. Na kusema kweli, sisi tunaonunua Kariakoo kwa kutumiana picha WhatsApp, kuponi ya nini?

Za kulaza tabu, yaani kurasa ulizofungua na huzitumii, ili mashine ipumue. Chrome ya Kiswahili inaita vichupo, mimi nabaki na tabu maana mtu akifungua 40 kweli ni tabu. The Great Suspender ilikuwa inapendwa sana kwa kazi hii, mwenyewe akaiuza 2020 kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakaizima wakisema ina programu hasidi. Ekstensheni ile ile, jina lile lile, mwenye nyumba kabadilika. Siku hizi Chrome ina kiokoa kumbukumbu chake yenyewe, hauhitaji nyingine.

Na za kubadilisha PDF. Hapa mimi mwenyewe nilishaumia, niliweka moja kwenye mashine ya kaunta, nyota tele, kesho yake utafutaji wangu wote unapitia tovuti nisiyoijua na wateja wanaona matangazo ya aibu mbele ya watoto wao, nikahangaika siku mbili nikidhani ni virusi vya flashi.

Hata msafi anaweza kuchafuliwa. Desemba 2024 kampuni ya usalama, Cyberhaven, mfanyakazi wao alidanganywa kwa barua pepe, wezi wakatoa toleo bovu la ekstensheni yao usiku wa Krismasi na likajisasisha lenyewe kwa watu. Kwa hiyo chache ndo salama, na unaweza kuzibana: ingia chrome://extensions, fungua maelezo ya kila moja, kwenye ruhusa za tovuti chagua ifanye kazi pale tu ukiibonyeza. Kwa Dark Reader haileti raha, kwa nyingine nyingi inafaa.

Wenye simu

Chrome ya Android haipokei ekstensheni, usihangaike. Brauza ya Kiwi ndo ilikuwa mkombozi, ikafungwa Januari 2025. Weka Firefox, tangu Desemba 2023 walifungua ekstensheni nyingi kwa Android na uBlock Origin kamili imo. iPhone zinapitia App Store kwenda Safari, na tangu 2025 uBlock Origin Lite ipo.

Yule dada tulimbakishia uBlock Origin Lite na Bitwarden. Mashine yangu ya kaunta ina uBlock Origin na SingleFile tu, ya paswedi siiweki hapo kwa sababu inashikwa na kila mtu, na ukija usikubali brauza ikikuuliza ihifadhi paswedi yako, hata mimi nikikuambia haina shida.