TAHADHARI: Anayeuza jeli ya "kuotesha mfupa wa taya" ni tapeli

Jamani, hili nimelikalia kimya kwa aibu, leo nalimwaga. Meno yangu ya mbele ya chini fizi zilioza, mfupa unaoyashika ukawa unaliwa. Huyu anayejiita mtafiti wa fizi amenila hela, na jino nalo limekwenda.

Alinipigia simu ya video. Koti jeupe, miwani, mezani taya la plastiki. Akaniambia nisogee kwenye mwanga, nivute mdomo wa chini kwa kidole, simu niisogeze hadi iguse pua. Nikavuta. Nimeachama pale, mate yananitiririka mpaka kwenye shati, yeye anatikisa kichwa kwa huruma: "Pole sana, mfupa umeshuka. Lakini huu bado unaota." Nilikaribia kulia, wallahi. Hapohapo akanitumia picha mbili za eksirei, kabla na baada, pamoja na kurasa za utafiti.

Na asiniambie mtu kwamba sikuchunguza. Nilichunguza! Utafiti upo. Mwaka 1982 Nyman na wenzake wa Sweden walichapisha habari ya jino la mbele la chini, yaani jino kama langu, lililooza fizi na kupoteza mfupa. Walifungua fizi, wakakwangua mzizi, wakaufunika kwa kichujio, kwa sababu ngozi ya fizi hukua haraka na kuuvamia mzizi kabla nyuzi zinazolishika jino hazijapata nafasi ya kujijenga upya. Zikajijenga kweli. Sasa nani asingeamini?

Alichonificha ni kwamba ile ilikuwa OPERESHENI. Hata zile protini za enameli (gamba gumu la nje la jino) ya nguruwe anazozitaja kila dakika, daktari huzipaka kwenye mzizi fizi ikiwa imefunguliwa. Yangu ilikuwa jeli ya kusugua kwa kidole juu ya fizi! Na lile jino la 1982 liling'olewa baadaye likachunguzwe kwa hadubini. Hilo nalo alilipita kimyakimya, mshenzi yule.

Jeli ilitia ganzi, nikajua inafanya kazi. Kumbe chini ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, umebaki palepale, usaha unaendelea kula mfupa. Daktari wa meno alipoingiza kijiti chenye alama za kupimia kati ya jino na fizi, kikazama milimita 9. Kwenye fizi yenye afya hakizidi 3.

Dalili za utapeli zilikuwepo. Zitazame zile eksirei: ya "kabla" jino la pembeni limezibwa, ya "baada" halina hata alama ya kuzibwa. Mdomo wa mtu mwingine kabisa! Halafu anakukataza kwenda kusafishwa meno, eti utavuruga mfupa mchanga. Ukimwomba namba ya usajili anahamisha mada. Kuna na mengine, hasira zinanisahaulisha.

Huyu asiishie kurudisha hela. Afungwe. Kabla ya hapo naye akae kwenye kile kiti, taa usoni, asikie jino lake likitoka. Mtu anakwambia "mpendwa, vumilia, mfupa unawasha ukiota" huku anajua fika anakuuzia ganzi!

Namba anabadilisha kila mara, mimi keshanifungia. Aliyechati naye asifute kitu, hasa jumbe za sauti. Zangu nimeshazipeleka polisi, wameniambia wakipatikana walalamikaji wengine kesi inakuwa na nguvu. Nitafuteni inboksi, hata kama unaona haya kama mimi.