Binti yangu shule ya serikali Musoma: mwaka wa pili sasa

Wazazi wananiuliza dukani kama sijutii kumtoa binti yangu shule ya mchepuo wa Kiingereza na kumpeleka ya serikali. Nina steshenari ndogo hapa Musoma mjini, kwa hiyo swali hilo nalipata kila muhula unapofungua. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Jina la shule sitaji, maana mengine hapa ni malalamiko na walimu wenyewe ni wateja wangu.

Kwanza mjue kwamba mji wetu una historia na shule za umma kuliko ukubwa wake. Mwisenge, hapa hapa karibu na ziwa, ndipo Kambarage, ndiye Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito, alipoletwa kutoka Butiama mwaka 1934. Alikuwa na miaka 12 na ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, umri ambao mtoto wa leo yuko mbioni kumaliza la saba. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, na 1937 akaenda Tabora. Miaka 40 baada ya yule mtoto kukaa darasani, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana mji huu huu, yeye akiwa mwenyekiti, ikapitisha Azimio la Musoma: watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe, na mwisho uwe 1977. Ndiyo ile UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafunzwa kazi huku wanafundisha. Watu wanawacheka sana walimu wa UPE. Mama yangu alisomeshwa na mmoja wao, na mwandiko wa mama ungedhani umepigwa chapa.

Sasa yangu. Kule private sikutoka kwa ugomvi. Ada ilipanda, basi likapanda, lakini hilo ningelibeba. Kilichonishinda ni kwamba mtoto aliingia darasa la pili anaimba Kiingereza vizuri mpaka wageni wanapiga makofi, nikimpa kipande cha gazeti la Kiswahili anabaki kunitazama usoni.

Siku ya kwanza shule mpya nilisimama mlangoni nikahesabu watoto. 118. Nikahesabu tena nikapata 121, maana watatu walikuwa chini ya dawati wanagombania ufutio. Dawati la watatu limekaliwa na watano, na mstari wa mbele wako sakafuni. Nilitaka kumshika mkono nirudi naye. Kilichonizuia ni aibu tu, mwalimu mkuu alikuwa ananiangalia.

Halafu nikamwona madamu wa darasa la pili anavyofanya kazi. Amekata maboksi ya sabuni vipande vipande, kila kimoja kina silabi iliyoandikwa kwa maka peni, na amewagawa watoto vikundi ambavyo kila kimoja kina mtoto mmoja anayejua kusoma. Hapazi sauti. Anapita na fimbo ya kuonyeshea, anagusa kadi mbili mezani, “ma”, “ji”, kikundi kinataja, anahamia kingine. Hesabu wanafanya kwa vizibo vya soda. Huyu mama namfahamu zaidi kwa sababu anakuja kwangu kutoa kopi kwa hela yake mfukoni: anatoa nakala mbili tu za hadithi, kisha anaomba mkasi azikate mistari, kila kikundi kipate mstari wake.

Mwezi wa tatu tangu binti aanze pale, niko jikoni nakoroga uji, nikasikia nyuma yangu: “Hi-fa-dhi ma-ha-li pa-ka-vu.” Alikuwa anasoma kiroba cha unga. Sikugeuka haraka, nilimwacha amalize mpaka uzito na tarehe ya kuisha.

Tuje kwenye elimu “bure”, maana hapo ndipo watu wanapotukanana. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa mapema, na michango ya lazima ikafutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Badala yake serikali inatoa ruzuku. Kwa shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayoshuka shuleni. Gawanya kwa miezi 12 unapata 500. Kwangu kopi moja ni 100. Ina maana mtoto wako kwa mwezi ana thamani ya kopi tano, na humo humo watoe chaki, mitihani na ukarabati. Sare, madaftari na chakula ni juu ya mzazi, nyaraka za wizara hazikuficha.

Kwenye kikao cha wazazi kuhusu uji wa shuleni baba mmoja alisimama akasema, “Tuliambiwa bure, sasa mahindi ya nini?” Akapigiwa makofi. Akasimama bibi mmoja, mlezi wa wajukuu wawili, akamuuliza, “Mwanangu, wewe asubuhi umekunywa nini?” Kikao kikapita. Wanaoleta mahindi ni kama nusu yetu, na mtoto ambaye kwao hawajaleta anakunywa kama wengine. Mimi naona sawa. Jirani yangu haoni sawa, na kikombe cha binti yake anakikagua.

Kiingereza kipo lakini ni kidogo, nisidanganye. Mwenye haja ya mtoto azungumze Kiingereza akiwa na miaka minane, atafute kwingine au amsomeshe mwenyewe jioni. Mimi namsomesha jioni. Tena ujue kwamba toleo la 2023 la sera ya elimu limepunguza msingi kutoka miaka saba kuwa sita, kwa hiyo wakubali au wasikubali, watoto hawa wanakimbizwa.

Madamu ningempa nyota zote tano, na shule nzima ningeipa tatu na nusu kama si vyoo.

Nitawaambia nilivyojua. Kila asubuhi nilikuwa namjazia binti chupa ya maji, na kila jioni ilirudi vile vile, imejaa. Nilifikiri ni usahaulifu, nikamgombeza. Siku moja akaniambia polepole kwamba akinywa atabanwa, na akibanwa itabidi aende kule. Nikaenda mwenyewe kule. Matundu manne ya wasichana, moja limefungwa kwa waya, mawili mlango hakuna, foleni imepinda mpaka kwenye mwembe. Kiwango cha wizara ni tundu moja kwa wasichana 20. Nikatafuta maji ya kunawa, nikaonyeshwa ndoo, kavu. Nilirudi dukani sikuuza kitu siku hiyo, nilikuwa najibu wateja vibaya.

Nililalamika ofisini, nikaambiwa bajeti. Nikalalamika kwenye kikao, nikachaguliwa kuwa kwenye kamati, ndiyo adhabu ya wanaosema. Bahati nzuri Musoma mawe hayanunuliwi mbali. Jumamosi nne mfululizo tulisomba mawe na mchanga, akina mama tukagonga kokoto, baba yule wa “tuliambiwa bure” akaja na toroli na mafundi wawili, nikamsamehe. Boma likafika usawa wa linta, halmashauri ikamalizia bati na milango. Miezi saba jumla. Matundu mapya sita, moja lina chumba cha wasichana wakubwa chenye ndoano ya kutundikia na ndoo yenye mfuniko.

Juzi jioni binti amerudi na chupa tupu. Kizibo kapoteza.